Kitenzi kwanza: namna ninavyowaandaa wanafunzi kuwasilisha kazi za wasomi Weusi

Kundi la tatu lilikuwa limefika katikati. Kijana aliyekuwa anasoma kwenye manila alitamka kwa kujiamini kwamba George Washington Carver, msomi Mweusi wa Marekani, ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Mkono ukanyooka dawati la nyuma.

"Samahani mwalimu. Bibi yangu anatwanga karanga kwenye kinu tangu hajaolewa, na mama yake alikuwa anatwanga. Wao walifundishwa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Kundi likatazamana, likaitazama manila, kisha likanitazama mimi. Jibu halikuwepo, kwa sababu sentensi ile hawakuitunga wao. Waliihamisha tu kutoka kwenye simu hadi kwenye karatasi. Na mimi nilikuwa nimeipitia manila hiyo siku iliyotangulia na kuiwekea alama ya vema.

Nafundisha fizikia na hisabati kidato cha tatu katika shule ya kata mkoani Iringa. Kila Februari huwa natenga vipindi kadhaa kwa ajili ya mawasilisho haya. Mwezi huo nimeuazima: mwanahistoria Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia ya Weusi kule Marekani Februari 1926, na tangu 1976 imekuwa mwezi mzima. Kwetu unaangukia vizuri, kabla ya majaribio ya katikati ya muhula. Baada ya siku ile ya kinu nilibadilisha karibu kila kitu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayofanya sasa, na mwalimu au kiongozi wa kundi anaweza kuyachukua kama yalivyo.

Gawa maswali, usigawe majina

Nina wanafunzi 48, kwa hiyo makundi 8 ya watu 6. Wakizidi saba, wawili wanageuka abiria. Nawapanga kwa kuhesabu moja hadi nane kuzunguka darasa. Wakijipanga wenyewe, marafiki wanakaa pamoja na wale wakimya wanabaki mwisho wakisubiri kuchukuliwa.

Zamani nilikuwa nagawa majina: nyie Carver, nyie Drew, nyie Maathai. Mwanafunzi akipewa jina anakimbilia wasifu. Atakuletea mwaka wa kuzaliwa, idadi ya ndugu, jina la mume au mke na orodha ya tuzo, halafu kazi yenyewe ya msomi ataimaliza kwa mstari mmoja. Sasa nagawa maswali. Simu inajuaje mahali ulipo? Damu ya kuongezewa mgonjwa inatunzwaje isiharibike? Kwa nini tunapanda maharage ndani ya mahindi? Mtoto wa jicho anaondolewaje? Takwimu utazionyeshaje kwa mtu asiyependa namba? Maji ya moto na ya baridi yakiingia kwenye friza pamoja, yapi yanaganda kwanza?

Ukutani nabandika karatasi yenye majina kama kumi na mawili bila maelezo yoyote. Kila kundi lina siku mbili za kutafuta jina linaloendana na swali lao. Wakilipata, tayari wanajua kwa nini wanamtafuta mtu huyo, na hiyo tu inabadilisha namna wanavyosoma.

Sentensi moja, kitenzi kimoja

Kabla ya kundi kununua manila wala kugusa maka peni, linaniletea sentensi moja kwenye daftari. Sentensi iseme msomi alifanya nini, lini, na kabla yake hali ilikuwaje. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, kwa sababu hapa ndipo wasilisho linaposimama au kuanguka.

Tatizo huwa ni kitenzi. Wanafunzi wanakuja na "alivumbua" kwa kila mtu. Lugha yetu ina vitenzi vya kutosha, na kila kimoja kinabeba kazi tofauti: kuvumbua, kugundua, kubuni, kupima, kukokotoa, kuhakiki, kuboresha, kupanga, kukusanya, kueneza, kupinga, kuuliza. Naviandika vyote ubaoni, na kundi linapaswa kuchagua na kukitetea kile lilichochagua.

Chukua Gladys West. Kundi likisoma haraka litaandika kwamba aligundua GPS, mfumo wa setilaiti unaoiwezesha simu kujua mahali ulipo. Sivyo. Mwanahisabati huyu alizaliwa Virginia mwaka 1930, na mwaka 1956 akaanza kazi katika kituo cha jeshi la majini la Marekani pale Dahlgren. Alichofanya huko kwa miaka mingi ni kukokotoa umbo la Dunia kwa kutumia vipimo vya setilaiti na kompyuta kubwa za wakati ule. Dunia si tufe kamili. Kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha kutoka ncha hadi ncha kwa karibu kilomita 43, na juu ya hapo ina mabonde na vilima vya mvutano visivyoonekana kwa macho. Ukikosea umbo, mahali simu inapokuonyesha nako kutakuwa na makosa. Kwa hiyo kitenzi ni "alikokotoa", na ukikieleza vizuri kina uzito kuliko "aligundua", maana msikilizaji anaona jasho lililomwagika.

Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, shirika la anga la Marekani: "alihakiki". Mwaka 1962, kabla mwanaanga John Glenn hajarushwa kuizunguka Dunia, Johnson alirudia kwa mkono hesabu za njia ya chombo ambazo kompyuta ilikuwa imezitoa. Patricia Bath, daktari wa macho: "alibuni", na hapo neno linastahili kabisa, kwa sababu hataza ya kifaa chake cha kuondoa mtoto wa jicho kwa leza aliipata mwaka 1988 kwa jina lake.

Wangari Maathai huwasumbua zaidi, kwa sababu wanadhani wanamjua. "Alipanda miti." Sawa, lakini msomi je? Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, wa kwanza kwa wanawake Afrika Mashariki na Kati, na fani yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Utafiti kuhusu kupe wa ng'ombe ulimpeleka vijijini, na huko akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilianza 1977, Tuzo ya Nobeli ya Amani ikaja 2004. Kundi lililopata mnyororo huo, kutoka kupe hadi tope hadi miti, lilichagua "aliunganisha". Niliwapa alama zote.

Na Carver? Karanga zilisagwa Amerika Kusini karne nyingi kabla hajazaliwa, na bibi wa yule mwanafunzi hakumhitaji. Carver alizaliwa utumwani Missouri miaka ya 1860. Tangu 1896 alifundisha katika chuo cha Weusi cha Tuskegee, Alabama, mahali ambapo pamba iliyolimwa mwaka hadi mwaka ilikuwa imeichosha ardhi. Aliwahimiza wakulima maskini wabadilishe mazao, wapande karanga, kunde na viazi vitamu ili udongo upate nguvu. Mwaka 1906 wakaanza kutumia gari la kukokotwa lililobeba zana na mbegu, wakawafuata wakulima huko huko mashambani. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha kulima karanga chenye njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Kitenzi ni "alieneza". Alichukua elimu ya maabara akaipeleka kwa mtu mwenye jembe. Mtoto wa mkulima wa Iringa anaielewa kazi hiyo mara moja, na hana sababu ya kuongezewa siagi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona madhara yake. Ukimvika mtu koti lisilo lake, siku likivuliwa watazamaji watadhani hakuwa na nguo kabisa. Wanafunzi wangu wanaishi na intaneti. Atakuja mtu kuwaambia kwamba Carver hakuvumbua siagi ya karanga, na wataondoka wakiamini kwamba habari zote za wasomi Weusi ni porojo. Ukweli wa kazi zao unatosha.

Vyanzo visivyo ndugu

Nataka vyanzo viwili kwa kila dai, na visiwe ndugu. Vyanzo ndugu utavijua kwa sentensi: ukikuta maneno yale yale kwenye kurasa tatu, umesoma ukurasa mmoja mara tatu. Tovuti ya chuo au taasisi alikofanyia kazi msomi, kitabu cha maktaba, makala ya gazeti yenye jina la mwandishi: hivyo ndivyo ninavyovipa nafasi ya kwanza. Kama wameiuliza programu ya akili mnemba, jibu lake walichukulie kama neno la mpita njia, kisha wakalithibitishe kwingine.

Bando ni ghali, na wengi wanatumia simu ya mzazi jioni. Kwa hiyo kundi linachagua watu wawili wa kutafuta, wengine wanawaandikia maswali ya kwenda nayo. Anayetafuta haruhusiwi kupiga picha skrini. Anaandika kwa mkono, kwa maneno yake, kwa Kiswahili. Mkono ukichoka kuandika, akili inaanza kuchagua.

Kitu cha kushika

Kila wasilisho liwe na kitu ambacho darasa litakiona kwa macho au kukishika. Sisi hatuna projekta, na sijawahi kuijutia. Slaidi huwafanya wanafunzi wageukie ukuta na kusoma.

Kundi la Carver siku hizi linang'oa mche wa maharage kutoka shamba la shule, polepole, na udongo wake. Kwenye mizizi kuna vinundu vidogo. Wanakipasua kimoja kwa wembe, na ndani kinaonekana chekundu kwa mbali: hapo bakteria wanachukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mmea. Karanga zinafanya vivyo hivyo. Wakishaona kinundu hicho, hawahitaji kukariri kwa nini Carver aliikimbia pamba.

Kundi la Charles Drew, daktari wa upasuaji Mmarekani Mweusi, linahitaji chupa ya maji ya plastiki, udongo, na usiku mmoja. Tikisa udongo na maji, acha mezani hadi asubuhi. Udongo unatuama chini, juu yanabaki maji meupe. Damu nayo ikiachwa kwenye chupa bila kuganda hutengana: chembe nyekundu chini, plazma ya rangi ya majani makavu juu, na plazma hiyo ni zaidi ya nusu ya ujazo wote. Plazma hukaa muda mrefu kuliko damu nzima, na kwa majeruhi wengi waliopoteza damu inatosha kuokoa maisha kwa haraka. Drew alizaliwa Washington mwaka 1904, na mwaka 1940 alipata shahada ya udaktari wa sayansi Chuo Kikuu cha Columbia kwa utafiti wa kutunza damu. Mwaka huo huo akasimamia mradi wa New York wa kukusanya plazma kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa inapigwa mabomu. Kutenganisha plazma hakukuanza naye, na benki za damu zilikuwepo kabla yake. Alichofanya ni kupanga: utaratibu mmoja wa kuchukua, kupima, kuchanganya na kusafirisha, ili chupa ya kwanza na ya elfu ziwe salama sawasawa. Kitenzi "alipanga" kilionekana kidogo kwa kundi hadi nilipowauliza nani kati yao anaweza kupanga foleni ya chakula cha mchana isivurugike.

Lazima pia waseme yaliyomkuta. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani kwanza liliwakataa wachangiaji Weusi, kisha kuanzia 1942 likawakubali lakini damu yao ikatengwa na ya Wazungu, hadi mwaka 1950. Drew alisema wazi kwamba utengano huo hauna msingi wowote wa kisayansi. Nawaambia kundi waliseme hilo kwa tarehe na bila kupandisha sauti. Darasa hunyamaza lenyewe. Na kuna hadithi nyingine wataikuta: kwamba alikufa Aprili 1950 baada ya ajali ya gari kwa sababu hospitali ya Wazungu ilikataa kumtibu. Madaktari waliokuwa zamu walimpokea na kuhangaika naye. Majeraha yalikuwa makubwa mno. Hadithi hiyo ilishika kwa sababu wengine wengi kweli walikuwa wakikataliwa. Kundi linalosema sentensi zote mbili, ya Drew na ya wale wengine, limefanya kazi ya msomi.

Kwa kundi la takwimu, manila yenyewe ndiyo onyesho. W. E. B. Du Bois alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, mwaka 1895. Akifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta, yeye na wanafunzi wake walichora kwa mkono chati zipatazo 60, kwa wino na rangi, zikapelekwa kwenye Maonesho ya Paris ya mwaka 1900. Dunia wakati ule ilikuwa ikiambiwa kwamba Weusi hawana maendeleo. Yeye alipeleka hesabu: ardhi waliyonunua, watoto waliokuwa shuleni, kazi walizofanya.

Chati moja kati ya hizo, inayoonyesha Weusi wa Marekani, huwa nawachorea ubaoni mwenyewe. Karibu eneo lote ni jeusi, hao ni watumwa. Juu kuna utepe mwembamba wa kijani, hao ni walio huru. Mwaka 1790 utepe ni asilimia 8. Unapanda kidogo, unashuka kidogo, mwaka 1860 ni asilimia 11. Halafu ghafla kijani kinaporomoka hadi chini kabisa: 1870, asilimia 100. Sisemi kitu. Nasubiri mwanafunzi mmoja aulize nini kilitokea katikati, na daima mmoja anauliza. Hapo kundi limeelewa kwamba chati inaweza kumfanya mtu aulize swali sahihi bila kuhubiriwa.

Baada ya hapo nawataka wachore ya kwetu. Mwaka jana kundi lilimuuliza kila mwanafunzi darasani anatembea dakika ngapi kuja shule. Walichora miale ya rangi kutoka katikati ya manila, mwale mmoja kwa kila mtu, urefu kulingana na dakika, bila majina. Nimefundisha hapa miaka kumi na moja. Sikuwa nimewahi kuuona urefu wa miale ile. Mkuu wa shule aliiomba manila hiyo akaenda nayo kwenye kikao cha wazazi.

Kundi la friza nalipenda kuliko yote, na nalisimamia kwa ukali kuliko yote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inaisha, akaweka yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, hapa hapa Iringa, aliambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Kisha Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama akauliza tena, mbele ya wenzake: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, kwa nini ya nyuzi 100 yanaganda kwanza? Osborne alirudi Dar akaagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akaripoti kwamba ya moto yameganda kwanza, akaahidi kuendelea kurudia hadi apate matokeo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja katika jarida la walimu wa fizikia, na hadi leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Kuna mwalimu aliyewahi kuniambia huyu si msomi, alikuwa mwanafunzi tu. Nilimjibu kwamba kitenzi chake ni "aliuliza", akauliza mara tatu akikatishwa tamaa mara mbili, na kwamba usomi unaanzia hapo.

Jaribio tunalifanya kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu, kwa ruhusa yake, Jumamosi asubuhi friza ikiwa na nafasi. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana, kipimo kimoja cha maji, kipimajoto cha maabara, kuangalia kila dakika kumi na tano, na kufungua mlango haraka. Mara ya kwanza yetu ya moto yaliganda kwanza. Wiki iliyofuata ya baridi yakaganda kwanza. Kundi lilikata tamaa, likaniomba liwasilishe lile la kwanza tu.

Nilikataa. Kuna watafiti Uingereza waliopima kwa uangalifu na kuchapisha mwaka 2016 kwamba hawakuiona athari hiyo, na wapo wengine wanaosema inatokea katika hali fulani tu. Maelezo yametolewa mengi: uvukizaji unaopunguza maji ya moto, mzunguko wa maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka, barafu ya friza inayoyeyuka chini ya kikombe cha moto kikakaa vizuri zaidi kwenye baridi. Kundi liliwasilisha majaribio yote mawili, kisha likaliuliza darasa ni nini kilikuwa tofauti kati ya Jumamosi ya kwanza na ya pili. Mmoja akataja kwamba ile ya pili umeme ulikatika kidogo. Mwingine akauliza kama vikombe viliwekwa mahali pale pale. Nilikaa nyuma ya darasa nikisikiliza wakibishana kuhusu vikombe kwa dakika nzima nane, nikaacha muda upite.

Swali la nyumbani

Siku nne kabla ya kuwasilisha, kila mwanakikundi anamweleza kazi ya msomi wao mtu mmoja wa nyumbani ambaye hakusomea mambo hayo. Anarudi na swali moja aliloulizwa. Hili nililitoa moja kwa moja kwenye kinu cha yule bibi.

Kwetu sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na wasilisho linakuwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mtoto anapojificha: anakariri aya ndefu yenye maneno mazito na kuitoa bila kuielewa. Nyumbani hawezi kujificha. Akimwambia baba yake "plazma" itabidi aseme plazma ni nini. Binti mmoja alimweleza mama yake habari za Drew, na mama, ambaye aliwahi kuongezewa damu alipojifungua, akamuuliza: "Mimi niliyowekewa ilikuwa nyekundu. Hiyo ya kwenu ya manjano anapewa nani?" Kundi zima lilienda kutafuta jibu: aliyepungukiwa na damu anahitaji chembe nyekundu, maana ndizo zinazobeba oksijeni, plazma ina wagonjwa wake, kama walioungua vibaya au ambao damu yao haigandi. Ilikuwa sehemu bora kuliko zote za wasilisho lao, na ilitoka jikoni.

Siku yenyewe

Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Kundi lina dakika 12 za kuwasilisha na 5 za maswali, hivyo makundi manne kwa siku na dakika chache za kubandika manila. Mtunza saa ni mwanafunzi, na saa ikiisha anasimama.

Nani anasema sehemu gani? Hawajui hadi asubuhi hiyo. Naweka vikaratasi sita kwenye kikombe: swali, sentensi, onyesho, mipaka, swali la nyumbani, kujibu maswali. Kila mtu anachota. Mwanzoni walilalamika sana, hasa wale wenye kipaji cha kuongea. Lakini kikombe hicho kimefanya kazi ambayo maonyo yangu ya miaka hayakufanya: kila mtu anajifunza kila sehemu, na aliye hodari analazimika kumfundisha mwenzake, kwa sababu mwenzake anaweza kuchota "sentensi".

"Mipaka" maana yake ni hii: msomi hakufanya nini, nani alifanya naye kazi, na nini bado kinabishaniwa. Sehemu hii ni fupi, dakika moja na nusu, na haikwepeki.

Kwenye mikono waruhusiwe kadi moja ndogo yenye maneno matano. Karatasi nzima ikiingia mkononi, macho hayatoki tena. Na mtu akikwama, kundi linamsubiri. Hakuna kumnyang'anya mwenzako sentensi.

Alama ni 20: sentensi na kitenzi chake 5, onyesho 5, mipaka 4, kujibu maswali 4, muda 2. Urembo wa manila hauna alama, ingawa wanaendelea kuipamba na mimi sizuii. Anayejibu "hatujui, tutatafuta" hapunguziwi kitu. Anayebuni jibu hapati alama yoyote ya maswali.

Swali lililokosa jibu linaandikwa kona ya juu kulia ya ubao na linabaki hapo, mwalimu wa zamu na wafuta ubao wanajua halifutwi, hadi kundi lirudi na jibu la dakika tatu mwanzoni mwa kipindi changu. Wiki hii kuna swali la kundi la Gladys West. Walikuja na kiazi mviringo chenye vibonyeo kuonyesha Dunia ilivyo, wakaeleza vizuri kwamba urefu wa milima unapimwa kutoka usawa wa bahari, na yule yule wa dawati la nyuma, mjukuu wa bibi mwenye kinu, akanyoosha mkono: hapa Iringa bahari hakuna, sasa huo usawa wake upo wapi chini ya miguu yetu?

Wana hadi Ijumaa.